Sikio Halitoshi: Nani Awasanifie Wasioona?



Ipo hoja ambayo jioni hii nitaitolea uvivu. Inadai kwamba simu inayosoma kwa sauti imeshaua nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Wenye hoja huongeza kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto asiyeona apewe simu, yamekwisha.

Hayajakwisha. Sikilizeni: “x jumlisha tatu gawanya kwa mbili.” Kinachogawanywa ni tatu peke yake, au ni jumla yote? Anayeona hutazama mstari wa sehemu. Anayesoma kwa vidole hukuta alama inayoonyesha sehemu inaanzia wapi. Anayesikiliza tu hubahatisha. Na faragha je? Juzi, ndani ya daladala, simu ya kijana aliyekaa karibu nami ilitangaza salio lake hadi konda akageuka. Hakuvaa eafoni, masikio aliyahitaji ili asikie kituo chake kikitajwa.

Sauti yenyewe siipingi. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye, wote wawili Waaustralia wasioona. Ninachopinga ni kuifanya sauti kuwa yote.

Tena hoja hii si mpya. Mwaka 1821 Charles Barbier, mtu mwenye macho yake, alifikisha katika taasisi ya vijana wasioona ya Paris mfumo wa nukta 12 uliofuata sauti za maneno. Tahajia haukuwa nayo, wala alama za uakifishaji, na umbo moja lilikuwa refu kuliko ncha ya kidole. Mwanafunzi wa hapo, Louis Braille, alipofika miaka 15 alikuwa ameshazipunguza nukta hadi sita, zikaenea chini ya kidole bila kukisogeza.

Kitabu chake cha mwaka 1829 nakipenda kupita kiasi, wanafunzi wangu wanajua. Kinafundisha kuandika maneno na muziki kwa nukta, lakini chenyewe kilichapwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa, herufi za wanaoona! Kinamshukuru Barbier kwa heshima. Kina vistari pia, vilivyosumbua kuandika kwa mkono. Toleo la 1837 likaviondoa. Huo ndio usanifu: mtumiaji anajaribu, anakereka, anafuta. Ufaransa iliukubali mfumo huo rasmi mwaka 1854, Braille akiwa kaburini miaka miwili.

Mtaniambia mifano miwili, NVDA na Braille, haijengi kanuni. Ni kweli. Wako pia wanaoona waliobuni vifaa vizuri, sikatai. Hata hivyo imani yangu haitikisiki: kifaa cha asiyeona kisanifiwe na asiyeona, sisi wengine tuwe mafundi wake.

Kwa hiyo naiomba Kamati ya Utafiti ya Chuo chetu: mradi wa kifaa cha wasioona ukiletwa mezani, mtafuteni asiyeona kwenye orodha ya wasanifu, si ya wajaribiwa. Asipokuwepo, urudisheni.