Mathenge Yasizibe Malka za Mto Tana

Hotuba kwa wakazi wa kando ya mto



Asili ya mti wa mathenge ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya mawe. Mapema miaka ya 1980 ukapandwa Bura, Baringo na sehemu nyingine kame ili wananchi wapate kuni na udongo usipeperushwe na upepo. Nia ilikuwa njema. Lakini mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari.

Mathenge husambazwa na mifugo na maji. Mbuzi hupenda maganda yake matamu. Mbegu hupita tumboni bila kusagika, kisha huanguka pamoja na kinyesi pale mbuzi anapokwenda kunywa maji. Mto ukifurika, hubeba mbegu hizo hadi vijiji vya chini. Kwa hiyo kijiji kimoja kikifyeka na jirani asifyeke, kazi hiyo haidumu.

Hasara kubwa iko kwenye malka. Malka ni njia ya mifugo kufikia maji. Ikizibwa na mathenge, mfugaji hana budi kutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupita katikati ya mahindi na migomba ya mkulima. Hapo ndipo ugomvi huanza. Anayefungua malka analinda maji ya mfugaji, shamba la mkulima na amani ya wote wawili.

Kukata mti na kuacha kisiki hakusaidii. Kisiki huchipua matawi mengi, na kichaka kikawa kizito kuliko mwanzo. Wachoma mkaa pia wakumbuke hilo. Njia inayofaa ni hii:

• Mche mdogo ung'olewe pamoja na mizizi wakati udongo una unyevu.
• Mti mkubwa uchimbuliwe na kukatwa chini ya usawa wa ardhi, si juu yake.
• Maganda yaokotwe kabla mbuzi hawajayala. Yakisagwa hadi mbegu zivunjike, huwa chakula kizuri cha mifugo.
• Mahali palipofyekwa pakaguliwe kila baada ya mvua, maana mbegu zilizobaki huota.
• Ukingo usiachwe wazi. Upandwe miti ya asili kama mkuyu, isije ikawa mto unabomoa udongo.

Miiba ya mathenge hutoboa hata viatu, kwa hivyo watoto wasipewe kazi hii.

Wafugaji na wakulima wakae pamoja, wakubaliane ni malka ipi ianze kufunguliwa, na waifungue kabla ya mvua. Mche wa leo hung'olewa kwa mkono mmoja; ukiachwa miaka michache, utahitaji shoka, jembe na kijiji kizima.