Sarafu ya Zamani na Njia ya Pesa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya akina mama na vijana wa kikundi chetu, Kaloleni, Voi)

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kuuza sarafu za zamani kwa intaneti, na vikwazo vya biashara ambavyo mataifa makubwa huwekea nchi nyingine. Mtu atauliza, "Vikwazo vya Urusi au Iran vinatuhusu nini sisi watu wa Voi?" Vinatuhusu jamani, na tutaeleza.

Tuanze hapa nyumbani. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau, na Februari 1916 wakapigana nao pale Salaita. Wakati huo manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani ya Tanganyika, bidhaa zisiingie. Sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Ndipo mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao katika karakana ya reli kule Tabora: heller za shaba, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya ndovu. Za dhahabu zilikuwa 16,000 na kidogo tu, ndiyo sababu wakusanyaji wanazitafuta sana leo. Hata neno "hela" wanalotumia ndugu zetu wa Tanzania limetokana na heller.

Sasa basi, kijana mmoja wetu alipata heller 20 ya shaba ndani ya kikopo cha marehemu nyanya yake. Ina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Akaweka picha kwenye intaneti, na mtu wa Urusi akataka kuinunua. Lakini pesa zitapita wapi? Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, kampuni za Visa na Mastercard zilisimamisha kazi zao Urusi, na benki kadhaa za huko zikatolewa katika mtandao wa SWIFT ambao benki hutumia kupashana habari za malipo. Yule mnunuzi akasema, "Usijali. Rafiki yangu wa nchi nyingine atakutumia pesa nyingi kuliko bei. Toa zako, zinazobaki umpelekee mtu fulani."

Kijana alifurahi. Sisi tulishtuka. Hiyo si biashara ya sarafu tena, ni kukodisha jina lako. Pesa zikiwa za wizi, au za mtu aliyewekewa vikwazo, atakayeulizwa ni mwenye akaunti. Tulimwambia akatae, akakatae kabisa. Sarafu bado iko kikoponi, na kijana analala usingizi.

Hata mnunuzi akiwa mwema, jueni kwamba malipo ya dola kwa kawaida hupitia benki za Marekani, na majina hulinganishwa na orodha ya waliowekewa vikwazo. Jina lako likifanana na la mtu mwingine, pesa zinaweza kuzuiwa mpaka ujieleze. Sarafu yenyewe pia huangaliwa ilikotoka: bidhaa za Cuba, Iran na Korea Kaskazini zina marufuku nyingi kule Marekani.

Tena kuna sheria yetu wenyewe. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Kwa hiyo pesa ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza, usiitie kwenye bahasha ukaipeleka posta hivihivi. Uliza makavazi kwanza.

Tunawaomba mshike haya:

1. Usisugue sarafu ing'ae. Hupoteza thamani.
2. Usilipe "ada ya kusajili" kwa mtu anayesema atainunua kwa mamilioni.
3. Pesa zitoke kwa mnunuzi mwenyewe, kwa jina lake, na ziwe sawa na bei.
4. Usipokee pesa za kupitisha kwa mwingine, hata kwa simu.
5. Andika ulipoipata, uliyemuuzia na bei. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Umaskini unatusukuma kukimbilia kila mlango uliofunguliwa. Lakini heller moja isitufungie akaunti ambayo karo ya watoto hupitia.