Jetiski Inapokata Nguvu Ghafla: Utaratibu wa Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Utangulizi

Jetiski ikikata nguvu katikati ya maji, mwendeshaji hupoteza mwendo na uwezo wa kukata kona kwa wakati mmoja. Chombo hiki hakina propela ya nje wala usukani unaozama kama wa boti. Pampu huvuta maji kupitia wavu wa chini, impela huyasukuma, na mdomo wa nyuma huyarusha kwa kasi. Mikono ya mwendeshaji inageuza mdomo huo tu, kwa hiyo maji yasipotoka kwa nguvu, kugeuza usukani hakusaidii. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi wake kuhusu usalama wa vyombo hivi mwaka 1998. Tangu wakati huo watengenezaji wakubwa wameweka mifumo ya kusaidia chombo kigeuke hata mafuta yakiachiwa ghafla.

Fundi wa pwani anayeletewa jetiski iliyokata nguvu anashika jambo linalogusa uhai wa watu. Hata hivyo, katika karakana nyingi kazi huanza kwa kubadilisha plagi, kisha pampu ya mafuta, kisha kompyuta ya injini, mpaka mwenye chombo aishiwe fedha. Mada hii inatetea njia nyingine: kabla ya kugusa spana, fundi amuulize mwendeshaji resi ya injini ilifanyaje pale nguvu ilipokatika. Ilipanda, iligota, au ilishuka hadi injini kuzima? Kila jibu lina upande wake wa kuanzia.

1. Resi iko juu, chombo hakiendi

Injini inalia, mshale wa resi umepanda, lakini jetiski inajikokota. Hapo injini inafanya kazi yake, na fundi aanzie kwenye pampu.

Mazingira ya pwani yetu yana vya kutosha vya kuiziba. Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, mashamba ya mwani yana kamba zilizofungwa kwenye vigingi, na maji yakipwa mchanga hubaki wazi kwa umbali mrefu. Kipande cha kamba kikipenya wavuni hujizungusha kwenye shafti. Mfuko wa plastiki ukinasa hapo, impela hukosa maji ya kusukuma. Shinikizo likishuka sana, maji hutoa mapovu ya mvuke, nayo yakipasuka hula chuma cha impela kidogo kidogo.

Kati ya impela na pete inayoizunguka kuna nafasi ndogo isiyofika milimita moja. Mchanga na kokoto huipanua. Namna tatizo lilivyoanza humsaidia fundi kutofautisha: kamba hukata nguvu mara moja, ilhali pete iliyolika hutoa dalili mapema, kwani chombo huchelewa kuondoka, hasa kikibeba watu wawili. Tochi iliyoelekezwa wavuni hujibu swali la kwanza. Fila geji ikipitishwa pande kadhaa za impela hujibu la pili, na kipimo kilinganishwe na kikomo cha kitabu cha mashine. Vyote viwili vikiwa sawa, fundi atazame sili ya shafti, maana ikivujisha hewa, impela huzunguka ndani ya mapovu. Kabla ya kuingiza mkono kwenye pampu, kamba ya usalama itolewe ili injini isiwashwe kwa bahati mbaya.

2. Resi inagota

Mwendeshaji amebana mkono wa mafuta mpaka mwisho, injini inanguruma vizuri, lakini resi haipandi. Mara nyingi ni kompyuta imeibana injini ili isiharibike. Joto likizidi, shinikizo la oili likishuka, au sensa ikitoa taarifa isiyoeleweka, kompyuta hupunguza nguvu na kupiga kengele. Kodi za hitilafu zilizo kwenye kompyuta zisomwe kabla ya kufutwa.

Lakini kwanza fundi aulize ufunguo gani umetumika. Sea-Doo zina ufunguo wa wanaojifunza unaopunguza mwendo, na Yamaha kadhaa zina rimoti yenye hali ya mwendo mdogo. Chombo kinaweza kupelekwa karakana kikiwa kizima kabisa.

Tatizo likiwa joto, aina ya mashine ni muhimu. Yamaha na Kawasaki hupoza injini kwa maji ya nje moja kwa moja. Sea-Doo za mipigo minne hutumia maji ya ndani yanayopozwa na bamba lililo chini ya chombo, lakini ekzosi bado hupozwa kwa maji ya bahari. Kwa hiyo geji inaweza kuonyesha injini iko sawa huku mpira unaopeleka maji kwenye ekzosi umezibwa na mchanga.

Mashine zenye superchaja zina jambo lao. Sea-Doo za kwanza za aina hiyo, za miaka ya mwanzo ya 2000, zilikuwa na washa za kauri ambazo zikivunjika vipande huingia kwenye oili. Hapo resi haifiki juu, na kuendelea kuendesha ni kuiua injini.

3. Injini inamisi au inazima

Ikizima mara moja kama taa, anza na umeme: kamba ya usalama, fyuzi, waya wa ethi, vichwa vya betri vilivyoliwa na chumvi. Betri nzima ya volti 12 ikipumzika husoma karibu 12.6, na injini ikiwaka usomaji hupanda kuelekea 14.

Ikikohoa kabla ya kuzima, anza na mafuta. Petroli inayobebwa kwa madumu ufukweni huingiwa maji kwa urahisi, na maji hutulia chini ya tangi, pale pampu inapovuta. Sampuli iwekwe kwenye chupa safi na iachwe itulie. Maji yataonekana chini. Kwenye Sea-Doo za karabureta za miaka ya 1990, mipira ya kijivu ya mafuta huoza ndani na kuziba vichujio kwa utando wa kijani.

Plagi zitolewe na kusomwa. Plagi nyeupe kwenye injini ya mipigo miwili inaonyesha mafuta hayatoshi, na injini itanoki ikiendelea kukimbizwa. Kompresheni ya silinda zote ilinganishwe: moja ikiwa chini sana, plagi mpya haitasaidia.

Mapendekezo

Kila karakana iwe na fomu fupi ya mwendeshaji: resi ilifanyaje, kengele ililia, maji yalikuwa na kina gani. Vitabu vya watengenezaji hutaka kina cha sentimita 60 hadi 90 kabla ya kuwasha, basi maji yakipwa jetiski isukumwe kwa mikono. Kiti kifunguliwe kabla ya kuwasha ili mvuke wa petroli utoke. Kuvuta chombo kilichozima kufanyike taratibu, kwani mwendo wa kasi husukuma maji hadi ndani ya silinda. Injini ikisafishwa kwa maji baridi, iwashwe kwanza ndipo bomba lifunguliwe, na bomba lifungwe kabla ya kuizima.

Wenye jetiski za kukodisha wakubali kulipia muda wa vipimo kama wanavyolipia vipuri. Na chombo kisirudi kwa wageni mpaka fundi, akiwa na jaketi okozi na boti nyingine karibu, amekijaribu majini kwa resi ya juu.