Damu ya Mtoto Hutoka kwa Baba na kwa Mama
Hotuba fupi ya mwalimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Mimi si daktari, ni mwalimu. Lakini darasani kwangu yumo mtoto ambaye hukosa masomo mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa. Macho yake ni ya manjano. Watu wa ukoo walisema mama yake ana mkosi, naye akarudishwa kwa ndugu zake. Mtoto alipopimwa damu, ikaonekana ni siko seli.

Ndugu zangu, ugonjwa huu hauletwi na uchawi wala hauambukizwi. Hurithiwa. Mtoto hupata jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Akipata ya siko seli kwa wote wawili, chembe nyekundu za damu yake hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa upesi. Wazazi wenye jeni moja moja kwa kawaida ni wazima, ila katika kila uzazi kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Basi tukitafuta wa kulaumiwa, baba naye yumo. Na hakuna aliyechagua.

Kwa nini jeni hii imeenea Afrika? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake Uganda: wenye jeni moja hukingwa kiasi na malaria. Mababu zetu waliokuwa nayo walipona utotoni, wakazaa, wakaturithisha. Ilikuwa ngao.

Lakini ngao hiyo haifukuzi mbu. Mwenye jeni moja huweza kuugua malaria, ingawa ni nadra iwe kali. Mwenye jeni mbili yumo hatarini zaidi: malaria au nimonia yaweza kumuua upesi. Huyu awe wa kwanza kulala ndani ya chandarua, apate chanjo zote, anywe maji mengi, na akipata homa apelekwe zahanati hata usiku.

Wageni wetu, tunaomba watoto wachanga wapimwe mapema. Wazee wetu, nawaomba mama yule arudishwe nyumbani kwake. Mtoto anamhitaji.