Jiko la Chuma Lenye Sanduku la Maji: Namna ya Kuligeuza Liwe la Kupikia Tu

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya yale majiko makubwa ya chuma yaliyobaki katika baadhi ya hosteli na nyumba za wageni, hasa huku kwenye baridi. Mfano wake ni Rayburn, jiko lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1946. Mengi ya majiko hayo yana sanduku la chuma lililojaa maji nyuma ya moto. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe kwa bomba la juu mpaka kwenye pipa la akiba, na ya baridi hushuka kwa bomba la chini kushika nafasi yake. Hapana pampu. Juu kabisa pana bomba la pumzi, ambalo mdomo wake hauzibwi kamwe.

Baada ya miaka mingi chokaa huziba mabomba na pipa hutoboka. Ndipo kamati huamua kwamba jiko libaki la kupikia tu. Uamuzi huo sina ugomvi nao. Maji hunyonya joto jingi, na jiko lisilochemsha maji huweza kuivisha chakula kwa kuni chache zaidi. Ugomvi wangu ni juu ya utekelezaji.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na chama kimoja, ambacho sitakitaja, kutengeneza mlango wa tanuri. Nilikuta mabomba yote mawili ya sanduku yamekatwa jana yake na kuzibwa kwa vizibo vya chuma, vimekazwa kwa spana sawasawa. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Nikaligonga sanduku kwa nyundo, likatoa mlio mzito. Maji yalikuwa bado yamo ndani. Mama mpishi alikwisha kupanga kuni, naye alikuwa akitafuta kiberiti.

Naomba makatibu mwandike hesabu hii. Maji yaliyofungiwa mahali pasipo pa kutokea, yakifika nyuzi 180 za Selsiasi, husukuma kuta kwa nguvu ya kilo 9 hivi kwa kila sentimeta mraba. Ubavu wa sanduku wenye urefu wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 20 ni sentimeta mraba 600. Basi ubavu huo mmoja unasukumwa kwa kilo 5,400, yaani uzito wa magunia 90 ya kahawa ya kilo 60. Na moto wa kuni hauishii nyuzi 180. Chuma kikipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mkupuo, na mvuke huhitaji nafasi inayozidi ile ya maji mara 1,600 hivi. Jiko zima huwa vipande, na mpishi yuko mbele yake.

Kwa hiyo njia iliyo bora ni kulitoa sanduku lote. Jiko lipoe kabisa, maji ya kuingia yafungwe, kisha mfumo wote umwagwe kwa koki ya chini kabisa. Chunguzeni kwanza kitambaa au unga mweupe uliozungushiwa mabomba ya zamani. Huenda ukawa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Msiukwangue, aitwe mtu mwenye ujuzi nao.

Sanduku likitoka, huacha pengo. Pengo hilo lijazwe matofali yanayostahimili moto, yaunganishwe kwa udongo wake maalumu. Saruji ya kujengea nyumba haifai, hupasuka. Vyama vingine huacha pengo wazi kwa kubana matumizi, kisha hulalamika kwamba jiko linakula kuni na ubavu wa tanuri umepinda. Chumba cha moto kimekuwa kikubwa kupita kiasi, na ule ukali uliokuwa ukipokewa na maji sasa unapiga chuma kitupu. Matundu yalimopita mabomba yazibwe pia kwa udongo huo, maana hewa ya sumu itokayo kwenye moto haina rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Siku za mwanzo washeni moto mdogo, udongo ukauke taratibu.

Ikiwa sanduku haliwezi kutoka bila kuvunja jiko, limwagwe mpaka likauke, mabomba yaondolewe, kisha fundi atoboe kwa keekee matundu kadhaa mapana upande wa juu unaotazama moto, mahali ambapo majivu hayatayaziba. Midomo ya mabomba ukutani izibwe baada ya matundu hayo kuwapo, si kabla. Nalo sanduku lililokwisha kukaushwa lisimiminiwe maji tena jiko likiwa na moto, hata kwa nia ya kulisafisha.

Lipo pia swali la wageni wenu, ambao bado watataka kuoga maji ya moto mwezi wa Julai. Hesabuni gharama ya mtambo wa jua au ya pipa la kuni la nje lililo wazi juu, kabla hamjamwita fundi.

Nimekuja na sanduku moja tulilolikata katikati. Limewekwa pale nje karibu na mlango. Wenye majiko ya namna hii walitazame kwa ndani wakati wa chai, waone chokaa ilivyobakiza tundu la bomba lisilopitisha hata penseli.