Sauti ya Mtoto Jangwani



Somo letu la leo limo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21. Huko twasoma habari za Hajiri, mjakazi wa Sara, aliyemzalia Ibrahimu mwana. Siku ya kuondoshwa nyumbani ilipowadia, Ibrahimu alidamka, akampa mkate na kiriba cha maji, naye akaenda zake jangwani pamoja na mwanawe. Maji yakamwishia. Akamweka kijana chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa, akalia.

Angalieni neno hili, ndugu zangu. Mtoto huyu hakuwa yatima. Baba yake alikuwa hai, jina lake lilijulikana, na mali yake ilikuwa nyingi. Hapakuwa na mtu aliyebisha kwamba mtoto ni wake. Lakini saa ile, katika jangwa la Beer-sheba, alichokuwa nacho mtoto ni jina la baba na kiriba kikavu. Naye Mungu akaisikia sauti ya kijana. Malaika alipomwita Hajiri, alimwuliza habari ya shida yake, wala hakumwuliza habari ya ndoa yake. Ndipo alipofumbuliwa macho, akaona kisima.

Somo hili nililihubiri mara nyingi kabla ya kulielewa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya misaada katika usharika mmoja. Tulikuwa na fedha kidogo za kuwasaidia yatima, nasi tulitunza orodha. Nyanya mmoja alimleta mjukuu wake, mtoto wa miaka sita. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi. Nikauliza, “Baba yake yuko wapi?” Akajibu, “Yu hai, Mchungaji, lakini hayupo.” Nikamweleza kwa upole kwamba fedha zile ni za yatima, na kwamba mtoto mwenye baba aliye hai hawezi kuandikwa. Nyanya yule akanitazama kitambo, kisha akasema, “Basi, Mchungaji, tungoje afe?”

Sikuwa na jibu. Nilipiga mstari juu ya jina la mtoto, kwa kuwa kanuni ilikuwa kanuni. Mstari ule ungali moyoni mwangu hata leo.

Msidhani kosa hili ni la kamati ndogo za vijijini tu. Mataifa makubwa yamelifanya kwa mihuri na sahihi. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1935 ilianzisha msaada wa fedha kwa watoto maskini waliokosa matunzo kwa sababu mzazi amefariki, au hayupo nyumbani, au hajiwezi. Lakini katika miaka ya 1960 jimbo la Alabama likaweka kanuni yake: mama akiwa na uhusiano na mwanamume mwenye nguvu zake, mwanamume huyo atahesabiwa kuwa ndiye baba, na watoto watanyimwa msaada.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye watoto wanne. Alifanya kazi ya kupika na kuhudumia mezani kuanzia saa tisa na nusu usiku hadi saa sita mchana, kwa ujira wa kati ya dola 16 na 20 kwa juma. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 watoto wake walikatiwa msaada, kwa kuwa palikuwa na mwanamume aliyemtembelea mwisho wa juma. Mwanamume yule hakuwa baba wa hata mmoja wao. Alikuwa na mke na watoto 9 wa kwake, wala sheria ya jimbo haikumdai hata senti moja kwa ajili ya watoto wa mama huyu. Hivyo watoto wakapewa baba wa karatasi, asiyeleta hata mkate, kisha wakanyang'anywa mkate waliokuwa nao. Kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi, idadi ya watoto waliosaidiwa Alabama ilipungua kwa 16,000.

Shauri lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile, na mwaka 1968 majaji wote kwa pamoja wakaitangua kanuni ile. Walisema kwamba mzazi ni yule ambaye sheria inamdai matunzo, na kwamba haifai kumwadhibu mtoto kwa mwenendo wa mama yake. Wahenga wetu walikwisha kulisema zamani: wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Nasi hapa Kenya tunayo majangwa yetu. Mpango wa serikali wa kuwapa fedha walezi wa watoto, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, uliwalenga yatima na watoto walio katika hali ngumu. Ni kazi njema, nasi twamshukuru Mungu kwa kila nyumba iliyopata unga kwa ajili yake. Lakini fikirini: baba aliyefariki ana cheti cha kifo, baba aliyetoroka hana cheti. Nani atathibitisha kutokuwapo kwake? Mtoto wake husimama mlangoni, si yatima wala si mwenye baba.

Je, tuache basi kuuliza habari za baba? Hasha. Kumsahau baba ni kumsamehe deni ambalo si letu kulisamehe. Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema kwamba mama na baba wana wajibu ulio sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyozuia jina la baba lisiandikwe katika cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa kwa ridhaa ya baba mwenyewe, ilikuwa kinyume cha Katiba. Ni haki mtoto ajue ametoka kwa nani, na ni haki baba adaiwe. Lakini swali la baba na liulizwe mtoto akiwa ameshika kikombe cha uji mkononi. Tumlishe leo, kisha kesho tumtafute baba. Tukigeuza utaratibu huo, tumekuwa waamuzi wa wazazi kwa gharama ya tumbo la mtoto.

Ninyi mnaotunza orodha za misaada, makanisani na maofisini, mkiona mama anasita kulitaja jina la mwanamume, msikimbilie kumhesabu mwongo. Yawezekana anaogopa kipigo. Mwulizeni faraghani, si mbele ya foleni.

Nawe baba unayenisikia, uliye na mtoto mahali fulani asiye na jina lako, nakusihi umkumbuke Yusufu wa Nazareti. Mtoto yule hakuwa wa damu yake. Sheria ilimpa njia ya kuondoka kwa siri, naye alikuwa ameifikiria. Lakini alibaki, akampa mtoto jina, akamchukua usiku mpaka Misri, akamlisha kwa kazi ya mikono yake. Ikiwa yeye alimkubali asiyekuwa wake, wewe utamkataaje aliye wako? Usingoje uitwe mahakamani. Inuka juma hili, uende.

Na tuombe. Ee Mungu, uliyeisikia sauti ya kijana jangwani, utufumbue macho tukione kisima kilicho karibu nasi. Wape baba waliokimbia moyo wa kurudi. Wape mama waliochoka nguvu za siku ya leo. Utusamehe sisi tuliopiga mistari juu ya majina ya watoto wako, na utufundishe kuyaandika upya. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.