Hotuba ya Katibu: Tuishi kwa Utukufu wa Mungu





Leo tunatimiza miaka 25. Waanzilishi wetu walikuwa watu 11, bila sare, bila kinanda, wakijifunza nyimbo kwa solfa iliyoandikwa kwa chaki ubaoni. Wengine wao wameketi hapa mbele leo, na tunasema asante. Orodha ya nyimbo tulizorekodi na vikombe tulivyopata mtaiona katika ukurasa mwingine wa kijitabu hiki. Sisi tumeombwa tuseme juu ya neno kuu la jubilii yetu, kuishi kwa utukufu wa Mungu, nasi tutalisema kwa ukweli.

Neno "utukufu" tunaliimba karibu kila Jumapili. Katika Kiebrania cha Agano la Kale neno hilo ni kavod, na asili yake ni uzito. Kumpa Mungu utukufu, basi, ni kukubali kwamba Yeye ndiye mwenye uzito katika mambo yetu. Mtu anaweza kuliimba neno hili kwa sauti tamu, huku moyoni mwake kitu kingine ndicho kizito: sifa, kikombe, au ubishi wa nani atasimama mstari wa mbele siku ya kupiga video.

Katika 2 Mambo ya Nyakati sura ya 5 tunasoma habari za kuwekwa wakfu hekalu la Sulemani. Waimbaji Walawi, pamoja na makuhani 120 wenye tarumbeta, walipaza sauti kama mtu mmoja. Ndipo wingu likaijaza nyumba, hata makuhani wakashindwa kusimama na kufanya huduma yao. Siku ile waliimba vizuri sana, na mwisho wake walioimba hawakuonekana tena. Ulioonekana ni utukufu wa Bwana. Hicho ndicho kipimo cha kwaya yoyote.

Mwalimu wetu hupenda kututajia Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyesimamia muziki wa makanisa ya mji wa Leipzig kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Aliwafundisha wavulana wa shule kuimba, na miaka ya kwanza alitunga kazi mpya karibu kila Jumapili. Hakuwa na maisha mepesi. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake barua akilalamika kwamba maisha ya mji ni ghali na wakubwa wake hawaujali muziki. Wanakwaya, hapo mnajua anasema nini! Hata hivyo, mwishoni mwa kazi zake nyingi aliandika herufi tatu, S.D.G., maneno ya Kilatini yenye maana kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake.

Lakini herufi tatu ni rahisi kuandika. Ndiyo maana ni lazima tuseme habari moja ya kwetu.

Miaka michache iliyopita tulishinda mashindano ya kwaya, tukarudi nyumbani na kikombe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulitia maji. Kamati iliamua tushone suti mpya, kila mtu ajilipie, na asiye na sare asisimame na kwaya. Tulipendeza kweli. Miezi hiyohiyo, ndugu mmoja wa sauti ya besi aliacha kuja mazoezini. Katika kitabu cha mahudhurio tukamwandikia H, yaani hayupo. Wiki ya pili H, wiki ya tatu H, mpaka wiki ya 14. Kwa kufuata katiba yetu, kila H tuliiongezea faini. Kalamu ilikuwa mkononi mwetu, sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni kuita majina darasani, na tunajua kwamba mtoto akikosa siku tatu mwalimu huuliza kwao kuna nini. Kwa ndugu yetu hatukuuliza.

Jumapili moja tukiwa katikati ya wimbo, besi ilisikika kutoka benchi la mwisho karibu na mlango. Alikuwa yeye. Tulipomwendea baada ya ibada, tuligundua kwamba alikuwa akiketi pale kila Jumapili. Kazi ya mjengo ilikuwa imesimama, na pesa kidogo aliyokuwa nayo ilikuwa ni karo ya watoto. Aliona haya kuja mazoezini bila sare, na kadiri faini zilivyopanda ndivyo haya ilivyozidi. Kisha akatuambia kwa upole, "Mlisema asiye na sare asisimame. Hamkusema asiimbe."

Hatukuwa na jibu. Jioni hiyo kamati ilisoma Amosi sura ya 5, mahali Mungu anapowaambia watu wake kwamba hazitaki nyimbo zao maadamu haki haipo kati yao. Tulisoma pia 1 Wakorintho 10:31, mstari tunaoupenda sana, unaosema tule, tunywe, na tutende lolote kwa utukufu wa Mungu. Mara nyingi tunausoma peke yake. Ukisoma sura nzima utaona kwamba Paulo alikuwa akizungumzia nyama ya sokoni na dhamiri ya mtu mwingine. Alitaka Wakorintho waulize kama uhuru wao unamkwaza mtu. Kwa hiyo huwezi kumtukuza Mungu huku ukimpita ndugu yako mlangoni.

Tulifuta faini zote. Siku hizi mchango wa sare anaujua mweka hazina peke yake, na aliye na shati jeupe anasimama na wenzake. Katika kitabu cha mahudhurio, kando ya kila H sasa tunaandika jina la aliyekwenda kumwona huyo ndugu. Kwa jubilii hii pia kulikuwa na pendekezo la sare mpya. Kikao kilikuwa kirefu, na wengine wetu tulinung'unika. Mwishowe tulikubaliana kuvaa zilezile mnazoziona, na mchango ukaingia katika mfuko wa kusaidiana wakati wa ugonjwa na matanga.

Ndugu yetu alirudi, na leo yuko mstari wa nyuma. Lakini wako wengine walioondoka wakati ule na hawajarudi. Ikiwa mko hapa kati ya washirika, tunawaomba radhi mbele ya kanisa. Nafasi zenu ziko.

Kwenu washirika, jambo hili si la kwaya tu. Mama anayepima maharagwe sokoni bila kupunja, mwendesha boda boda anayerudisha simu iliyosahauliwa, fundi anayemaliza kazi aliyolipiwa, mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto wa mwisho kwa makini kama la mtoto wa kwanza: hao wote wanamwimbia Mungu. Katika Mathayo 5:16 Bwana Yesu anafundisha kwamba watu wakiyaona matendo yetu mema watamtukuza Baba. Wimbo wetu huchukua dakika tano. Majirani hututazama wiki nzima.

Tukimaliza, tukumbuke jubilii ilivyoanza. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, kila mwaka wa 50 tarumbeta ilipigwa Siku ya Upatanisho. Mashamba yalirudi kwa wenyewe, na waliouzwa utumwani wakarudi kwa jamaa zao. Jubilii ilikuwa ni kuachilia na kurudishana. Sisi tumefika nusu ya safari hiyo. Tunaomba kwamba watakaoadhimisha mwaka wa 50 wakikifungua kitabu chetu cha mahudhurio, waone kwamba hakuna aliyekosekana bila kutafutwa.

Utukufu wote ni wa Mungu peke yake. Amina.